Mboga za Ukingoni

12 Januari 1989

Mwanangu,

Najua umeshasema shikamoo kabla hujafungua bahasha, basi marahaba. Mimi mzima. Goti la kushoto linalia kila asubuhi kama bawaba iliyokosa mafuta, lakini mlango wenyewe bado unafunguka. Shangazi yako kang'olewa jino na sasa anataka kila anayepita alione pengo. Paka amezaa tena, safari hii ndani ya sanduku langu la randa, kwa hiyo nimepigwa marufuku kugusa vifaa vyangu mwenyewe. Msalimie mkwe wangu fundi umeme. Taa aliyonifungia karakanani bado inawaka, ingawa swichi inanipiga shoti kila ninapoisifia.

Sasa habari yenyewe. Baada ya mazishi uliniambia nitafute mtu wa kuiangalia bustani ya mama yako. Nimetafuta, nimempata. Ni mimi.

Usicheke. Unajua miaka yote ile nilikuwa sikanyagi mle. Yeye hakugusa misumeno yangu, mimi sikugusa matuta yake. Sehemu yangu ilikuwa ua wa miti wa nyuma na ule mpapai, maana alisema vitu vya kutazama juu ni vya wanaume, vya kuinamia ni vya wenye akili. Siku ya kwanza niliposhika jembe lake, Fundi Baiskeli wa ng'ambo ya njia aliacha gurudumu likizunguka hewani, akapaza sauti: "Mzee Randa! Tukuletee na kitambaa cha kichwani?" Kijiwe kizima kikacheka. Mimi nikaendelea kung'oa magugu kwa hasira. Ndipo mkewe, Mama Pacha, akaja na bakuli lake, akasimama nyuma yangu, akasema taratibu: "Baba, hiyo unayoing'oa ndiyo mboga. Uliyoiacha ndiyo gugu."

Tangu hapo ndiye mwalimu wangu. Amenifundisha kuchuma majani ya chini na kuacha kilele, na kutomwagilia jua likiwa kali. Jioni wanakuja wote, kama walivyokuwa wakija kwa mama yako. Nilidhani mwenzangu alikuwa akilima mchicha, kumbe alikuwa akiendesha ofisi. Wanawake wasiosalimiana njiani, wakiinama kwenye tuta moja wanaulizana habari za watoto. Mwingine anakuja kuchuma jani la kikohozi, anaondoka ametua mzigo mwingine kabisa. Mimi nakaa mlangoni mwa karakana, nachonga mpini usioisha, nasikiliza. Wakija, nyumba inakuwa na sauti. Wakiondoka, nabaki na saa ya ukutani.

Jambo jingine dogo tu. Wale wa barabara mpya ya juu wamemaliza mtaro wao, na maji yote ya kule yanamwagwa nyuma ya ua wetu. Yamechimba kijikorongo. Kinatufaa, tunatupia majani makavu.

Mama Pacha anauliza utakuja lini. Na mimi nauliza, ila sipazi sauti.

Baba yako


30 Januari 1989

Baba yangu,

Shikamoo, na pole kwa goti. Mwambie shangazi alifunge hilo pengo, upepo utamwingia. Sisi wazima. Kazini nimepumzishwa kidogo. Mashuka ya hospitali yatashonwa na wengine kwa sasa. Mkweo anakusalimu, anasema swichi usiiguse kwa mkono uliolowa na uache kuisifia.

Nimekusoma nikacheka mpaka mwenye nyumba akagonga dari. Wewe na jembe! Lakini baadaye nilinyamaza. Nilimwona Mama pale, kwenye tuta la mwisho karibu na jiko, akiongea bila kunyanyua kichwa. Unakumbuka alivyozungumza nami kuhusu posa ya mume wangu? Hakuniita chumbani. Aliniita kwenye bamia, akanipa kisu, tukachuma, na kila jambo gumu alilisema akiwa ametazama bamia. Nadhani ndiyo maana niliweza kumjibu.

Na mimi nina bustani yangu, kama ruhusa ipo ya kuiita hivyo. Makopo ya rangi, yamepangwa kibarazani ghorofa ya pili. Zile mbegu alizonifungia kwenye kitambaa siku ya kuondoka, zimeota zote isipokuwa nyanya chungu. Siku hizi mume wangu ndiye anayepandisha maji na kuyanywesha makopo. Wanaume wa chini wanamtania kwamba kaolewa. Yeye anawajibu kwamba mboga haiulizi mkono ni wa nani, na kwamba wakitaka majani waombe kwa adabu. Wameanza kuomba.

Nitumie mbegu za nyanya chungu za Mama, tafadhali.

Na hicho kijikorongo, Baba, kina ukubwa gani? Mama alikuwa akisema ua ule ndio unaoushika udongo wetu, usije ukaukata kwa ajili ya kuni.

Kuja nyumbani kwa sasa haitawezekana. Usiniulize sababu. Si mbaya.

Mwanao


25 Februari 1989

Mwanangu,

Marahaba ya barua na marahaba ya makopo. Mbegu za nyanya chungu hizi hapa, nimezifunga kwenye karatasi ya msasa kwa sababu ndiyo karatasi niliyonayo. Zipande mbalimbali, zina kiburi, hazipendi kugusana.

Huku mvua zimeanza mapema, mboga zinanenepa. Maboga nimeyahamishia mbele ya nyumba, yanatambaa mpaka kibarazani, mgeni akija inabidi aombe njia. Kamba ya nguo nayo nimeileta mbele. Nguo zinapata jua vizuri zaidi. Mpapai umelala. Ulilala asubuhi moja, upepo wala haukuwepo, ukalala tu kama mtu aliyechoka. Tukagawana mapapai mabichi mtaa mzima. Ua ulikuwa umezeeka, na wenyewe haupo tena. Bustani sasa ina hewa, unaona mpaka bondeni.

Mshonaji, jirani yetu wa kulia, amehama. Kapata chumba kule sokoni, anasema wateja ni wengi. Paka kawabeba watoto wake mmoja mmoja mpaka kwa Fundi Baiskeli, sijui nimemkosea nini. Ukuta wa nyuma nimeupaka rangi ya kijani.

Kijiwe hakinicheki tena. Mwalimu mstaafu alikuja kuniomba misumari, akazunguka zunguka, mwishowe akaniuliza kwa kunong'ona kama nina miche ya pilipili. Anataka aipande nyuma ya choo, mkewe asimwone mpaka izae. Fundi Baiskeli naye alinunua pampu mbovu kwangu ili tu apate nafasi ya kuuliza mchicha unamwagiwa mara ngapi. Nikamwambia, muulize mkeo, ndiye aliyenifundisha. Akasema, "Nyumbani siulizi, nasikia tu." Mama Pacha alikuwa pale pale anachuma, alicheka mpaka akakaa chini.

Umesema nisiulize sababu, siulizi. Mama yako angeuliza.

Baba yako


14 Machi 1989

Baba yangu,

Shikamoo. Mbegu zimefika, nimezipanda mbalimbali. Tu wazima, mume wangu ana kazi nyingi za kufunga umeme kwenye majengo mapya, anarudi na plasta nywelini.

Baba, barua yako nimeisoma mara moja nikafurahi. Nikaisoma mara ya pili, furaha ikaniishia. Ua haupo. Mpapai umelala bila upepo. Kamba ya nguo imekuja mbele, maboga yamekuja mbele, jirani kahama, hata paka kahama. Kila kitu kinakuja mbele. Nyuma kuna nini?

Na rangi. Katika maisha yako hujawahi kupaka ukuta rangi. Mimi nimekua nikisikia kwamba rangi ni uongo wa fundi mbovu. Ukuta wa nyuma hauonekani na mtu ila wanaokuja bustanini. Umeupaka kwa nini?

Sikuhoji kwa ubishi. Mume wangu alifunga umeme kwenye nyumba moja huku, nayo iko juu ya korongo kama hilo. Anasema wenyewe walikuwa wakilipima kwa macho kila asubuhi na kuona ni lile lile, mpaka asubuhi moja wakakuta choo hakipo. Korongo halili kwa juu, Baba. Linakula chini kwanza.

Njoo kwetu. Tuna vyumba viwili, kimoja ni chako. Makopo yapo hapa, yanahitaji mtu mwenye subira. Na kama huji, niambie ukweli mmoja tu: jiko la Mama liko umbali gani na ukingo?

Ningekuja kukuchukua mwenyewe. Siwezi. Niamini.

Mwanao


2 Aprili 1989

Mwanangu,

Marahaba. Sote wazima. Shangazi yako anauza lile jino kwa hadithi.

Sikukusomesha ili unipeleleze. Lakini umeuliza, nakujibu. Korongo limekua. Limekula ua na shimo la mboji na tuta la viazi, basi. Mimi ni fundi, sikukaa nikalitazama. Nimepigilia nguzo ukingoni, nguzo nene, nikazifunga kwa mbao za sakafu zilizokuwa zimebaki toka kazi ya shule. Umekuwa ukuta ambao hata mwenye mtaro angeuonea wivu. Watu wanakuja kuutazama. Mama Pacha aliniuliza, "Baba, hapa pamekaza?" Nikampigia nguzo teke mbele yake, haikutingishika. Akasema, "Haya, kazi ya Mzee Randa tunaijua," akainama akaendelea kuchuma.

Jikoni kuna ufa sakafuni, si mkubwa. Nimeuziba kwa vumbi la mbao na gundi kama ninavyoziba meza. Kila asubuhi naukuta umeachia kidogo, nauziba tena. Mchana kukiwa kimya, chini ya jiko panasikika kama mtu anayekokota kiti. Ni panya.

Kuhusu mimi kuja huko kwako. Nikija, nitakuwa mgeni anayekunywa chai na kuulizwa kama ameshiba. Hapa, jioni, mlango wa bustani unalia na sauti ya mtu inasema hodi. Miaka yote niliyoishi na mama yako sikuwahi kumwuliza siku yake ilikuwaje. Nilirudi, nikala, nikalala. Alichokula mtu wa mtaa huu alipougua, alichoambiwa binti wa mtu kabla hajaolewa, nani alipatanishwa na nani, vyote vilipita kwenye yale matuta nami nikiwa hatua chache tu, napiga randa. Sasa ndiyo namjua mke wangu, mwanangu, kwa kuwasikiliza waliomjua. Wakiacha kuja, nitamjulia wapi?

Umeuliza jiko liko umbali gani na ukingo. Liko mahali pake.

Baba yako


20 Aprili 1989

Baba,

Shikamoo. Sina salamu ndefu.

Mume wangu anaondoka Ijumaa ya wiki ijayo kuja kukuchukua. Funga vitu vyako, vifaa vyako vyote vitapata pa kukaa. Asikukute unabishana naye mlangoni, ni mtu wa aibu, atakubali chai na kurudi peke yake.

Na kama wewe hutoki, hilo ni lako na la Mungu wako. Lakini wanawake wasiingie tena. Waambie. Simama mlangoni uwaambie kwa mdomo wako kwamba bustani imefungwa. Wapelekee mboga majumbani kwao kama ni lazima. Hao wanaingia kwa sababu wanakuamini wewe, si kwa sababu wanaziamini nguzo. Mama Pacha ana watoto wadogo, Baba.

Nakuomba. Sijakuomba kitu tangu nimeolewa.

Mwanao


9 Mei 1989

Baba yangu,

Shikamoo, popote ulipo.

Hujajibu. Mume wangu hakufika. Basi lilikwama darajani, maji yalikuwa yamepanda juu ya barabara, wakakaa stendi hadi chakula kikaisha, wakarudishwa. Redioni wanasema huko mvua haijakata tangu mwisho wa mwezi. Hawataji mitaa.

Nakuandikia kitu nilichokificha, kwa sababu sitaki ufikiri kwamba nilikaa huku nikikupuuza. Nina mimba, Baba, karibu najifungua. Wale wawili wa kwanza unajua yaliyowapata. Safari hii mkunga aliniambia nisipande basi, nisinyanyue ndoo, nisifanye chochote ila kulala. Toka Januari nimelala. Hizi barua zote nimeziandika nikiwa nimelala ubavu. Ndiyo maana mume wangu ndiye anayemwagilia makopo. Sikukuambia kwa kuogopa nikisema itatoka tena, na kwa kuogopa utahuzunika mara ya tatu.

Niandikie. Hata neno moja. Hata jina lako tu.

Mwanao


1 Juni 1989

Mwanangu,

Niko hai. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo uliloomba, si kwa sababu ndiyo habari kubwa.

Barua yako ya Mei imenifikia juzi, njia ilipofunguliwa. Ile ya Aprili niliipata mapema. Ilikuja na gari la mwisho kabla daraja halijafungwa. Niliisoma nimesimama, nikaikunja, nikaitia mfuko wa shati. Sikuwaambia.

Nilikuwa nakusudia. Kila jioni nilisema, leo wakiingia nitasema. Wanaingia, mmoja anasema, "Baba umekonda, unakula kweli?" mwingine ananichekesha, na mimi nasema, kesho.

Mvua ilinyesha mfululizo. Asubuhi ya siku hiyo ikakata, jua likatoka kali, kila mtu akatoka nje kama aliyefunguliwa. Ufa wa jikoni ulikuwa unameza mkono. Nilikuwa karakanani natafuta mbao ndefu za kuongezea nguzo. Mlango wa bustani ukalia. Mama Pacha akaita, "Baba, hodi! Nachuma kidogo tu, pacha wangu kule nyumbani wana siku mbili hawajaona kijani." Nikamjibu nikiwa ndani, sikutoka hata kichwa. Nilisema, "Chuma, lakini usikae sana." Akasema, "Kwani pamelegea?" Nikasema, "Hapana."

Hilo ndilo neno la mwisho nililomwambia.

Haikuwa kelele kubwa. Nilisikia kama mtu ameshusha pumzi. Nilipotoka, paa la jiko lilikuwa limeinama, halafu likaondoka, na nyuma yake nikaona bonde. Matuta yote hayakuwepo. Yeye hakuwepo. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika, na wa kwanza kuvuka njia alikuwa mumewe, mikono ina grisi. Hakuniuliza. Alinitazama mara moja, akateremka.

Tulichimba wanaume wa kijiwe chote, kwa majembe, kwa sufuria, kwa mikono. Udongo ulikuwa mzito kama saruji mbichi. Tulimkuta alasiri. Na kilichokuwa kimemlalia, mwanangu, ni mbao zangu. Zilikuwa zimeshikana vizuri, hata moja haikuachia. Mstari wangu wa penseli ulikuwa bado unasomeka. Ilibidi mimi mwenyewe nizing'oe, kwa sababu ndiye niliyejua nimepigilia wapi.

Uliuliza kuhusu rangi. Mwezi wa pili alikuja bwana wa manispaa, akaandika ukutani kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: HAMA. Niliona wanawake wakiliona lile neno watakoma. Nikanunua kopo la kijani. Mimi nilikuwa nimeshalisoma, niliwafichia wao.

Nyumba imebaki nusu, wamezuia watu kuikaribia. Mimi niko kwa mshonaji, chumba cha nyuma cha duka lake. Ananipa chai na haniulizi kama nimeshiba.

Una mtoto tumboni. Nimeisoma hiyo sentensi mara nyingi. Nina furaha, na sijui niiweke wapi. Usinitumie mtu. Sistahili chumba chenu.

Baba yako


22 Juni 1989

Baba yangu,

Shikamoo. Ni msichana. Alizaliwa Jumamosi asubuhi, ana pua yako, tumemwonea huruma. Mimi mzima, ingawa bado natembea kama niliyebeba yai. Mume wangu anamwimbia nyimbo ambazo hazina maneno kwa sababu hajui hata moja.

Nilipomaliza barua yako nilimpa mume wangu mtoto, nikaenda kibarazani, nikakaa kati ya makopo mpaka nikaitwa. Nilimlilia Mama Pacha kwa sauti. Wanawake wa chini walipanda, wakadhani ni mtoto.

Sitakuambia kwamba si kosa lako. Ungejua nakudanganya, na sisi wawili tumedanganyana vya kutosha mwaka huu. Lakini wewe ni baba yangu, na kile chumba bado ni chako. Hakuna aliyekuuliza kama unakistahili. Mjukuu wako naye hajauliza.

Njoo. Au kama kuna kinachokushika huko, kaa, lakini uniandikie kila kitu kama kilivyo, hata kibaya. Usinihamishie mambo mbele ya nyumba.

Watoto wale wanaangaliwa na nani?

Mwanao


18 Julai 1989

Mwanangu,

Marahaba wewe, na marahaba huyo mwenye pua. Mbusu kwenye hiyo pua, mwambie inastahimili vumbi.

Wale pacha wako na baba yao. Dada wa marehemu alitaka kuwachukua, baba akakataa. Anawaosha mwenyewe, anawapikia mwenyewe, kijiwe kinanyamaza anapopita na ndoo.

Umetaka mambo kama yalivyo, basi sikiliza. Yale maboga ya mbele yalinusurika. Nilipewa ruhusa kuingia mara moja, nikayang'oa na udongo wake, nikayapanda nyuma ya duka la mshonaji, na mchicha pembeni. Majani yalipoanza kutoka nikawa nachuma fungu kila asubuhi, naliweka kwenye ngazi ya Fundi Baiskeli kabla hajafungua mlango, naondoka. Kesho yake nalikuta pale pale, limenyauka. Naliokota, naweka jipya. Naye analiacha. Hakunitukana, hakulitupa. Alikuwa anapita juu yake tu. Mshonaji akaniambia, "Mzee, mwache, mtu yule ana kitu kifuani, kisije kikatoka ukiwa umesimama mbele yake." Nikasema kama kinatoka, kitoke kwangu.

Leo, Jumanne, nilichelewa, na nilipoinama kuweka fungu, mlango ukafunguka. Sikumsikia akija. Alikuwa amesimama juu yangu, pekupeku, ameshika jembe. Lilikuwa jipya, karatasi ya dukani bado imeshikamana na mpini. Macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala. Watoto hawakuwepo, walikuwa shule. Uani hapakuwa na mtu mwingine.

Akasema, "Mboga zako sizitaki."

Nikasema, "Ndiyo, baba."

Akaibandua ile karatasi ya dukani mpinini. Halafu akasema, "Wanasema mimi ningejua kupanda zangu, yeye asingekuja kwako."

Nilitaka kupiga magoti, goti likakataa.

Akaelekeza jembe nyuma ya nyumba, pale ambapo marehemu alikuwa akifulia. Nikatangulia. Njia ni nyembamba, kuna ukuta huku na ukuta huku, na nilisikia miguu yake karibu sana na visigino vyangu. Tulipofika akasema, "Nionyeshe."

Kuonyesha tuta ni lazima uiname, mwanangu. Hakuna namna ya kulionyesha ukiwa wima. Nikainama, nikampa mgongo, nikachora mstari kwa kidole na kumwambia kwamba mbegu za mchicha hazizikwi, zinafunikwa tu. Kivuli chake kilikuwa juu ya mikono yangu. Nikaona kivuli cha jembe kikipanda.

Sikugeuka. Nilisema tu, "Anzia hapa," nikaacha kidole changu pale kwenye mstari.

Jembe likaingia udongoni, kando kabisa ya mkono wangu. Likatoka, likaingia tena. Tulimaliza tuta zima, na mimi sikunyanyua kichwa.

Kesho nimeambiwa nirudi. Nitarudi.

Baba yako